Tunawalaza njaa wagonjwa wa saratani ya ini tukidhani tunawatibu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie mashauri ya chakula wanayopewa wagonjwa wa saratani ya ini hapa Nairobi. Nilikuwa afisa wa lishe katika wadi za hospitali za umma hadi nilipostaafu, na mpaka sasa majirani wangu wa Umoja hunijia wakiwa na karatasi, au ujumbe uliosambazwa kwa simu, wenye orodha ya vyakula ambavyo mgonjwa wao ameambiwa asiviguse. Orodha hizo hufanana: nyama aache, mayai aache, maziwa aache, sukari isionekane mezani, ugali aupunguze au auache kabisa, na badala yake anywe juisi ya bitiruti na karoti pamoja na mchemsho wa majani asubuhi na jioni. Familia hufuata mashauri hayo kwa uaminifu kwa sababu inampenda mtu wake. Baada ya wiki chache, mgonjwa aliyetoka wadini akitembea kwa miguu yake hurudishwa kliniki akiwa ameshikiliwa huku na huku, na kila mmoja husema kwamba saratani ina mbio.

Ina mbio kweli, ila si yote tunayoyaona ni kazi yake. Hakuna chakula kinachoyeyusha uvimbe wa ini, na anayeuza ahadi hiyo anawadanganya watu walio katika dhiki. Njaa, kwa upande wake, humdhoofisha mgonjwa wa ini haraka kuliko wengi wanavyodhani, na njaa hii mara nyingi tunaileta sisi wenyewe.

Wengi wa wagonjwa hawa hawana saratani peke yake. Uvimbe huota ndani ya ini ambalo tayari lina makovu kutokana na virusi vya homa ya ini aina ya B au C, pombe ya miaka mingi, au mafuta yanayorundikana kwa watu wanene na wenye kisukari. Ini lenye afya ni ghala: mtu akila chajio, sehemu ya wanga huwekwa humo, na usiku kucha hutolewa kidogo kidogo ili ubongo usikose nishati hadi asubuhi. Ini lenye makovu halina tena nafasi ya kutosha ya kuweka akiba hiyo, kwa hivyo mgonjwa akilala bila kitu tumboni, mwili wake huanza kumega misuli na kuigeuza sukari kwa kiwango ambacho mtu mzima mwenye afya hukifikia baada ya kufunga kwa siku mbili au tatu. Katika wadi nilizofanyia kazi, chajio kililetwa saa kumi na moja jioni na chai haikupita kabla ya saa moja asubuhi, yaani saa kumi na nne za kumega misuli, kila usiku, chini ya macho yetu wahudumu. Watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha mwaka wa 2008 matokeo ya jaribio la wagonjwa wenye makovu ya ini, ambapo baadhi walipewa kinywaji cha lishe mchana na wengine wakapewa kinywaji kile kile usiku kabla ya kulala. Waliokunywa usiku ndio walioongeza protini mwilini kwa mwaka mzima wa jaribio. Kwa maskani zetu, hilo maana yake ni kikombe kikubwa cha uji uliotiwa maziwa, au mkate na ndizi na glasi ya mala, saa tatu au saa nne usiku, na kiamshakinywa kisichelewe.

Upungufu wa misuli hujificha, na hapa ndipo familia nyingi hupotoshwa. Nimewaona watu wakishukuru kliniki kwa kuwa mizani imesema kilo 64 mwezi huu kama ilivyosema mwezi uliopita. Ukimtazama mgonjwa huyo vizuri, unaona tumbo limejaa maji na kitovu kimetokeza, huku mifupa ya mabega imechomoza na pete ya ndoa imefungwa uzi ili isianguke. Maji yameongezeka kwa kilo zile zile ambazo misuli imepungua. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu, pamoja na kumwomba mgonjwa ainuke kitini bila kujishikilia, vilinieleza mengi kuliko mizani ilivyopata kunieleza. Maji hayo hayo hulibana tumbo la chakula, na ndiyo sababu mgonjwa hutosheka baada ya matonge matatu. Si kiburi wala si kukata tamaa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu anafaa kuulizwa ni saa ngapi tumbo lake hukubali, kisha apewe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, badala ya kuwekewa sahani iliyojaa ambayo itamvunja moyo kabla hajaanza.

Hofu ya nyama, mayai na maziwa ina asili yake, na haikuanzia mitaani. Kwa miongo kadhaa madaktari wenyewe waliwanyima wagonjwa wa ini protini, kwa sababu amonia inayotokana na kusagwa kwake tumboni ni miongoni mwa vitu vinavyomfanya mgonjwa achanganyikiwe, alale mchana na akeshe usiku, na mikono yake itetemeke. Mwaka wa 2004 watafiti wa Barcelona walichapisha jaribio walilowafanyia wagonjwa waliolazwa kwa kuchanganyikiwa namna hiyo: kundi moja lilianza kwa kunyimwa protini na kuongezewa polepole, na kundi la pili likapewa kiwango cha kawaida tangu siku ya kwanza. Waliopewa kiwango cha kawaida hawakuzidiwa kwa kuchanganyikiwa, ilhali miili ya walionyimwa ilimega protini yake yenyewe kwa wingi zaidi. Mwongozo wa lishe wa Chama cha Ulaya cha Utafiti wa Ini uliotolewa mwaka wa 2019 unasema waziwazi kwamba mgonjwa wa ini asinyimwe protini hata anapochanganyikiwa, na unapendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, pamoja na kalori zisizopungua 35 kwa kilo kwa asiyekuwa mnene. Kwa mtu wa kilo 60, ukishaondoa uzito wa maji ya tumboni, hizo ni gramu 72 hadi 90 za protini na kalori kama 2,100. Mwongozo ule ule unaeleza kwamba anayechanganyikiwa mara kwa mara huvumilia vizuri zaidi protini ya maziwa na ya mimea, jambo ambalo kwetu ni rahisi, kwa kuwa ndengu na maharagwe hatujaanza kuvila leo.

Najua kwamba sukuma na ugali ndicho chakula cha tarehe za katikati ya mwezi katika nyumba nyingi za Eastlands, na simshauri mtu akope ili anunue nyama ya ng'ombe. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, glasi ya maziwa 8, na bakuli la maharagwe yaliyopikwa kama 15. Mayai mawili, glasi mbili za maziwa au mala, bakuli la ndengu, bakuli la maharagwe na kiganja cha omena kavu, vikigawanywa kutwa nzima, humfikisha mgonjwa wa kilo 60 karibu na gramu 72, hata kabla ya kuhesabu protini iliyomo kwenye ugali na chapati. Omena wenyewe waloweshwe na kuoshwa mara kadhaa ikiwa walitiwa chumvi. Chumvi ndicho kitu kimoja ambacho mwenye maji tumboni anapaswa kupunguza kweli, isizidi kijiko kidogo kimoja kwa siku, na sehemu kubwa yake huingia kupitia mkate, soseji na viungo vya mchuzi vya paketi kuliko kupitia kikopo cha chumvi. Hata hapo nina tahadhari: mgonjwa akikataa chakula kwa sababu hakina ladha kabisa, ni afadhali apate ladha kidogo, ndimu, dania au kitunguu saumu, kuliko alale njaa kwa ajili ya kanuni. Kuhusu pombe sina mengi ya kusema. Iachwe yote, na busaa ya arusini imo.

Sasa, je, kula vizuri humwongezea mgonjwa siku za kuishi? Tafiti nyingi za kuwafuatilia wagonjwa, hasa kutoka Japani, Korea na China, zimeonyesha kwamba waliokuwa wamepungukiwa na misuli wakati wa kugunduliwa au kutibiwa hufariki mapema kuliko wenzao. Msomaji makini atauliza papo hapo kama si ugonjwa mkali unaoleta yote mawili, kukonda na kufa, na swali lake ni la haki. Watafiti hujaribu kuutenga ukali wa ugonjwa kwa hesabu, na utata fulani hubaki, kwa hivyo simwahidi mtu yeyote kwamba omena watampa miaka miwili.

Njia iliyo wazi zaidi inayounganisha sahani na uhai wa mgonjwa hupitia katika matibabu. Daktari wa saratani, kabla ya kuamua kama atapasua, atachoma uvimbe, atapeleka dawa kwenye mshipa unaoulisha au atatoa vidonge, huangalia mambo mawili mbali na ukubwa wa uvimbe: ini linafanya kazi kiasi gani, na mgonjwa ana nguvu kiasi gani. Anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya siku hukosa sehemu kubwa ya matibabu hayo, kwa kuwa yatamuumiza kuliko kumsaidia. Chukua mfano wa sorafenib, vidonge vilivyoidhinishwa kwa saratani hii mwaka wa 2007. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka uliofuata, nusu ya waliopewa dawa waliishi zaidi ya miezi 10.7, na nusu ya waliopewa vidonge vitupu waliishi zaidi ya miezi 7.9, lakini takriban wote walioingizwa katika jaribio hilo walikuwa na ini ambalo bado lilifanya kazi vizuri. Mgonjwa tuliyemdhoofisha kwa juisi za bitiruti hataambiwa kwamba amepoteza nafasi kwa sababu ya juisi. Ataambiwa tu kwamba mwili wake hautaweza dawa.

Kuna jambo la kihistoria ambalo huwa nalitaja kila ninapopata wasikilizaji. Mwaka wa 1964 madaktari wa upasuaji Charles Child na Jeremiah Turcotte walipounda kipimo cha kukadiria hali ya ini, waliweka lishe ya mgonjwa miongoni mwa mambo matano ya kuangaliwa, sambamba na umanjano wa macho na ngozi, albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), maji ya tumboni na kuchanganyikiwa. Mwaka wa 1973 Pugh na wenzake waliiondoa lishe na kuweka muda wa damu kuganda, kwa kuwa lishe ilipimwa kwa macho na kila daktari aliiona kwa namna yake. Kipimo hicho kilichorekebishwa ndicho kinachotumiwa duniani kote hadi leo. Sina ugomvi na hesabu yao, lakini naona kwamba lishe ilipotoka kwenye fomu, ilitoka pia vinywani mwa wanaozunguka wadini asubuhi.

Tusidanganyane pia kuhusu ukubwa wa tatizo lenyewe. Mwaka wa 2022 saratani ya ini iligunduliwa kwa takriban watu 866,000 duniani na kuua takriban 758,000. Utafiti wa nchi tisa za Afrika uliochapishwa mwaka wa 2017, ambao uliwahusisha jirani zetu wa Tanzania na Uganda, ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa wa nchi za kusini mwa Sahara hawakuvuka miezi miwili na nusu baada ya kugunduliwa, ilhali nchini Misri ilikuwa karibu miezi kumi na mmoja. Tofauti hiyo haikuletwa na mapishi. Misri inawagundua watu wake mapema na kuwatibu, na sisi wengi wetu hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshashikika kwa mkono. Lakini mwenye miezi michache hapaswi kuipitisha akiwa na njaa, na hata anayepokea huduma ya kumtuliza maumivu tu ana haki ya kula kile anachokitamani.

Nirudi kwenye orodha za mitaani. Husemwa kwamba sukari huilisha saratani, kwa hivyo ikiondolewa kwenye kikombe cha chai uvimbe utakufa. Mwili usipoletewa sukari hujitengenezea yake kutoka kwa misuli, kama nilivyoeleza, na uvimbe hautakosa sehemu yake; atakayekosa ni mwenye mwili. Mwenye kisukari adhibitiwe kisukari chake, na soda haimfai mtu yeyote, lakini kijiko cha sukari kwenye uji wa mgonjwa anayekonda si adui. Kuhusu mitishamba, dawa zote za kunywa, za kizungu na za kienyeji, hupitia kwenye ini, na ini hili limeshachoka. Visa vya ini kudhurika vimeripotiwa kwa vidonge vya manjano vilivyokolezwa, vidonge vya chai ya kijani na matayarisho ya mshubiri. Manjano ya kwenye pilau hayana neno. Kinachonitia hofu ni chupa zisizo na maandishi zinazouzwa ndani ya matatu na muuzaji ambaye hutamwona tena.

Jambo jingine nalisema kwa heshima, kwa sababu najua linagusa imani. Baadhi ya familia humfungisha mgonjwa mwenyewe pamoja na wanaomwombea, siku tatu bila chakula. Wafunge wenye miili mizima. Kwa ndugu zetu Waislamu hukumu iko wazi, kwani Sura ya Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula katika Ramadhani, na sijui mchungaji ambaye angemkatalia mgonjwa uji ikiwa angeelezwa yale yanayotokea mwilini usiku.

Iko pia desturi ya kumtengea mgonjwa sahani, kikombe na kijiko chake. Ikiwa chanzo cha ugonjwa ni homa ya ini aina ya B, virusi hivyo huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Havipitii kwenye chakula wala kwenye vyombo. Anayekula peke yake kwenye kona ya chumba hula kidogo. Wanaoishi naye wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe, hasa waliozaliwa kabla ya mwaka wa 2001, ambapo chanjo hiyo iliingizwa katika ratiba ya watoto wote nchini.

Unga unahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo nia njema huleta madhara mapya. Familia ikiambiwa mgonjwa anahitaji lishe, hukimbilia unga wa uji wa mchanganyiko unaosagwa kwenye posho mill, wenye mahindi, mtama, wimbi, soya na njugu karanga, mara nyingine aina kumi kwa pamoja. Mahindi na njugu ndivyo vyakula vinavyoshikwa zaidi na kuvu wanaotengeneza aflatoksini, sumu ambayo yenyewe husababisha saratani ya ini, na ikikutana na virusi vya homa ya ini aina ya B hatari huongezeka maradufu mara nyingi. Utafiti uliofanywa Shanghai ulikadiria kwamba mwenye vyote viwili alikuwa na hatari karibu mara 60 ya asiye na chochote. Hatujasahau mwaka wa 2004, ambapo mahindi yenye sumu hiyo katika maeneo ya Ukambani yaliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125. Kupika hakuiondoi, na nafaka ikishasagwa huwezi tena kuona punje zilizooza. Kwa hivyo nunua nafaka nzima, uichambue kwa mkono, utupe punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kisha usage kidogo kidogo. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kama wafanyavyo Wakamba, hupunguza sumu hiyo kwa kuwa sehemu yake kubwa hubaki kwenye maganda. Kwa mgonjwa mwenyewe, wimbi na mchele ni salama zaidi kuliko mahindi usiyojua yalikohifadhiwa. Huko Qidong nchini China, ambako watu waliacha mahindi na kula mchele kuanzia miaka ya 1980, vifo vya saratani ya ini vilishuka sana hata miongoni mwa watu wazima ambao chanjo haikuwafikia.

Na kahawa, jambo linalonichekesha kidogo, kwani tunailima Kiambu na Nyeri, tunaiuza ng'ambo, kisha tunakunywa chai. Mwaka wa 2015 Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani ulikadiria kwamba kila kikombe kimoja kwa siku kinaambatana na hatari ya saratani ya ini iliyo chini kwa asilimia 14. Hilo linahusu kuzuia zaidi kuliko kutibu, lakini mgonjwa anayependa kahawa yake asinyang'anywe.

Kwa wanaosimamia hospitali za kaunti na za kitaifa, naomba mambo ambayo hayahitaji mashine: mgonjwa wa saratani ya ini aonane na mtaalamu wa lishe siku ile ile anayoambiwa matokeo, mkono wake upimwe kila anapokuja, na sahani ya usiku iingizwe kwenye ratiba ya wadi. Kwako wewe Mhariri, ombi langu ni kuhusu kurasa za afya za magazeti yetu. Kila mnapochapisha ushauri wa chakula kwa wagonjwa wa saratani, andikeni jina la aliyeutoa na kama amesajiliwa na taasisi ya wataalamu wa lishe, KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2007. Na makala yakitaja chakula kinachotibu, mwandishi wenu amuulize mtaalamu huyo ni wagonjwa wangapi waliofuatiliwa, kwa muda gani, na walikuwa katika hatua gani ya ugonjwa, kisha majibu yachapishwe pamoja na makala.

Wako mwaminifu,
Afisa wa lishe mstaafu,
Umoja, Nairobi